Mwaka Nilioajiriwa Kunyima

Nzioka alishuka Mombasa mwezi uliopita. Amenenepa, amefuga ndevu, na ana binti wa miaka saba ambaye alikuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya pipa. Tulikutana Mji wa Kale, kwenye mkahawa wa mahamri na mbaazi, na kabla sijavuta kiti akamwambia mwanawe, "Huyu ndiye shangazi Kadzo. Huyu alikuwa ameandikwa kazi ya kunyima." Mtoto akanitazama kwa jicho la kumtazama askari. "Kumnyima nani?" akauliza. "Kompyuta," nikajibu. "Kwani kompyuta huomba nini?" Swali zuri, nami nililijibu vibaya, kwa sababu mbaazi zilikuwa moto na babake alikuwa anacheka. Tangu siku ile sikai nikatulia. Naanza kuosha vyombo naacha katikati, nakwenda dukani narudi bila nilichokifuata, na kila nikijilaza mchana najikuta tena kwenye kile chumba cha ghorofani nyuma ya Biashara Street, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne, na ndoto nyingi kuliko nguo. Basi na niandike. Huenda nikapata kukaa.

Chumba kile zamani kilikuwa ghala la kanga, na kanga hazikuwahi kutoka puani mwake: harufu ya wanga na rangi mpya, ile inayokukwaruza koo. Viatu vilivuliwa mlangoni. Kompyuta zilikaa juu ya meza za cherehani, na ukipiga kibodi kwa hasira meza nayo inakujibu kwa kutikisa mguu. Mwenye chumba, na mwenye programu iliyotukusanya, alikuwa Bi Zulfa, mama mrefu wa Mji wa Kale, wa buibui na miwani ya kamba, aliyeanza kuandika programu kompyuta zikiwa bado kubwa kama kabati la nguo. Nzioka, kijana wa Machakos aliyeletwa pwani na kazi ya babake ya reli, ndiye aliyemsaidia kuiandika. Mimi nilipanda ngazi zile kutoka Tononoka kuulizia kazi ya kufagia. Nikaona maandishi yanapita kwenye skrini, nikauliza hiki nini, na kile nini, na kwa nini kile kimekuwa chekundu. Bi Zulfa akaniacha niulize mpaka nikaishiwa pumzi. "Kufagia tutafagia sote," akasema. "Wewe wataka kuharibu vitu?" Nikasema nataka. Sikujua ninachokitaka, lakini nilikitaka sana.

Programu yenyewe ilikuwa ya zahanati moja upande wa Buxton, ya kuandika sindano za wagonjwa wa sukari: nani kadungwa, saa ngapi, kiasi gani. Kabla yake zahanati ilikuwa na daftari lililochanika jalada. Siku ya kwanza Bi Zulfa alinikalisha mkekani akanieleza, na maelezo yake sijapata kusikia bora kuliko hayo. "Programu ni mgeni, mwanangu. Kila ikitaka kufanya jambo, lazima iombe nafasi kwenye memori ya mashine. Nipe kidogo niandike jina. Nipe kidogo nihesabu. Mwenye nyumba, yule agawaye nafasi, ndiye huitwa mfumo endeshi. Sasa, siku zote mgeni hupewa, ndipo sisi waandishi tukasahau kwamba kuna siku atanyimwa. Kazi yako ni kuileta siku hiyo kabla haijaja yenyewe." Nzioka alikuwa ametengeneza mtego unaokaa mlangoni, kati ya mgeni na mwenye nyumba. Naandika namba, na ombi la namba hiyo linanyimwa. Nikanyima ombi la kwanza: programu ikafa kabla haijafumbua macho. Nikanyima la pili. Nikanyima la tatu. Ikifa, naweka alama ya mkasi kwenye daftari langu, na Nzioka anakwenda kurekebisha huku akinung'unika kwa Kikamba. Ikinyimwa ikabaki hai, ikatoa ujumbe wa kistaarabu, naweka alama ya vema. Maombi yalikuwa maelfu. Nilikuwa nanyima tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, na mimi ni mtu ambaye paka akinitazama nikila, tunagawana.

Ilibidi tujaribu kwenye mashine tatu, kila moja na mfumo endeshi wake, na wenye nyumba hao hawakufanana tabia. Tuliwapa majina. Wa kwanza alikuwa Mzee Hapana: nafasi ikiisha hukwambia hapana papo hapo, mchana kweupe. Wa tatu, aliyekaa kwenye simu ya skrini kubwa, alikuwa Bi Kimya, maana ukiipa kisogo programu yako, huizima bila kishindo akampisha mwengine. Lakini aliyenichekesha ni wa pili, Bwana Hewala. Yeye hana anachokataa. Ukiomba, hewala. Ukiomba mara kumi yake, hewala vile vile. Nafasi yenyewe huwa hajakupa, amekupa ahadi, kwa sababu anajua wageni wengi huomba zaidi ya wanachotumia. Siku wote walioahidiwa wakija kukalia viti vyao kwa pamoja na nyumba ikawa haitoshi, Hewala huinuka akatafuta mlaji mkubwa, akamuua pale alipo. Pengine aliyeuawa hata si aliyeomba mwisho. Kwake yeye mtego wa Nzioka haukutosha. Ilibidi tumjazie nyumba kweli, tufungue kila kitu mpaka feni ya ndani ilie, tuone atamchinja nani.

"Huyu si kompyuta," Nzioka alisema mara ya kwanza alipoona programu yake imechinjwa. "Huyu ni mtu wa Mombasa kabisa." Alikuwa na kisasi chake. Wiki yake ya kwanza pwani alipita mahali watu wanakula, wakamwambia karibu, naye badala ya kusema starehe akasema sawa, akavua viatu, akala. Hakuna aliyemwambia neno. Walimwongezea mchuzi. Alikuja kujua miezi mingi baadaye, Bi Zulfa alipomweleza huku akijifuta machozi ya kicheko, kwamba karibu ile ilikuwa salamu. "Sasa mtu atajuaje?" Nzioka akapiga kelele. "Si mseme tu chakula ni kidogo?" "Tutamwambiaje mgeni hivyo? Atuone watu gani?" Sote watatu tulikuwa tunakula siku hiyo, samaki wa kupaka na wali wa nazi kwenye sinia moja, na kutoka chini dukani tulimsikia muuza kanga akimwambia mteja, "Mama, bei hiyo tutaitazama, wewe zunguka kidogo urudi," na mteja naye akisema, "Hewala, narudi sasa hivi," na sote, wa juu na wa chini, tulijua kwamba bei haitatazamwa na mama harudi. Nilicheka nikapaliwa na mwiba. Leo nikikumbuka kicheko kile sioni raha nacho. Tulikuwa tumeshauona ugonjwa wote, pale juu ya sinia, tukaufanya kitoweo.

Ujumbe wa programu niliuandika mimi. Nzioka alikuwa ameandika "KOSA" kwa herufi kubwa, na Bi Zulfa akaghadhibika kama aliyetukanwa. "Programu yangu haitamfokea mtu mzima. Yule muuguzi ni mzazi wa watu. Kadzo, wewe una ulimi mzuri, andika." Nikaandika kwa mapenzi yangu yote, nikifuta na kurudia kama barua ya posa: "Samahani. Tunaomba subira yako kidogo. Ahsante kwa uvumilivu." Bi Zulfa alisoma akabusu vidole. Basi kila programu iliponyimwa nafasi kwa Mzee Hapana ikabaki hai, maneno yangu yalitokea kwenye skrini, mazuri, ya adabu, nami naweka alama ya vema nikijiona mshairi.

Mpaka nilipofika ombi la elfu moja mia tatu na sita. Naikumbuka namba hiyo kuliko namba yangu ya kitambulisho. Nilikuwa nimechoka kukaa. Mwaka ule wote nilikuwa na siafu miguuni, nazunguka meza, nakwenda dirishani kutazama watu wa Biashara Street, narudi, nakaa upande. Nikalinyima ombi lile. Ujumbe ukatoka. Alama ya vema. Halafu, kwa kukosa utulivu tu, si kwa akili, nikaifunga programu nikaifungua tena, kitu ambacho hakikuwa kwenye utaratibu wetu. Sindano niliyoiandika haikuwepo. Kabla ya kufunga ilikuwa inaonekana kwenye skrini, jina na saa na kiasi. Ombi nililolinyima lilikuwa lile la kutengeneza mstari wa kwenda kuhifadhiwa; programu ilinyimwa, ikaruka kuhifadhi, ikaomba subira kwa adabu, na skrini ikabaki ikionyesha kitu ambacho hakikuandikwa popote. Daftari langu lilikuwa na alama za vema mamia, na hata moja sikuwahi kuifungua tena kuihakikisha. Kurudia yote ingekuwa kazi ya wiki nyingi. Nikapiga duara dogo kwa kalamu kuzunguka namba ile, nikasema kesho nitamwambia Bi Zulfa.

Kesho Bi Zulfa alipanda ngazi na daktari mwenye zahanati nyuma yake, na nyuma ya daktari akaja Sista Riziki, muuguzi wa zamu ya asubuhi, aliyevaa vizuri kama anayekwenda harusini. Kulikuwa na halua kwenye sahani na kahawa chungu kwenye buli. Daktari aligusa kila kompyuta kwa kidole kimoja. Sista Riziki alinishika mikono akaniambia daftari la zamani linamtia ndoto mbaya. Na Bi Zulfa, macho yanang'aa nyuma ya miwani, akanigeukia mbele yao: "Haya, Kadzo. Wewe ndiwe bawabu wetu. Tuko tayari?" Nilitazama halua. Nilimtazama Sista Riziki. Nilikuwa nimeota mwaka mzima kuiona programu ile ikitumiwa na mtu wa kweli, mwenye vidole vya kweli. Nikajiambia ni ombi moja katika maelfu, na memori ya zahanati itaisha lini? Nikasema, "Hewala."

Iliisha siku ya nne tangu programu iwekwe zahanati. Kompyuta ya zahanati ilikuwa ya ukoo wa Mzee Hapana, na karani alikuwa ameacha video za harusi ya dadake zimefunguka nyuma, tano au sita. Asubuhi Sista Riziki alimdunga Mzee Bakari, mshona kofia wa Mji wa Kale, akaandika sindano yake. Ujumbe wangu ukatoka. Sista akasubiri, kama alivyoombwa. Akasubiri kwa adabu, mikono mapajani, mpaka akaona jina na kiasi vipo kwenye skrini, akajua subira imetosha, akaendelea na kazi. Zamu ilipobadilika kompyuta ikazimwa ikawashwa. Mzee Bakari alikuwa bado kwenye benchi, ameambiwa angoje apimwe tena. Muuguzi wa mchana akafungua programu, akaona Mzee Bakari hajaandikiwa sindano, akamwita, akamdunga ya pili. Mzee alipinda mkono wa kanzu, akatoa mkono. Haikupita muda mrefu akaanguka kutoka kwenye benchi, ametota jasho, hajui yuko wapi.

Simu ilipokuja tulikuwa mezani. Bi Zulfa alisikiliza amesimama, akasema "La ilaha illallah," akakaa. Nzioka alikuwa ameshaanza kufungua programu yake, uso umempauka kama jivu. "Ni mimi," alikuwa akisema. "Hii kitu niliandika vibaya mahali. Ni mimi tu. Watu watasema huyu wa bara ameua mzee wa watu." Mikono yake ilikuwa inakosa herufi. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nataka niliandike hilo kama lilivyo: nilikuwa nayo, na niliiona, na ilikuwa pana. Nikalichukua daftari nikalifungua kwenye duara, nikaliweka juu ya kibodi yake. "Nililiona kabla Daktari hajaja," nikasema. "Uliliona, ukasema tuko tayari?" "Ndiyo." Nzioka alinitazama kama mtu aliyekaribishwa chakula na akagundua sinia ni tupu. Bi Zulfa hakunitazama kabisa. Alijifunga buibui, akateremka hatua tatu za ngazi, ndipo akasema bila kugeuka, "Vaa viatu, twende."

Mzee Bakari alizimia siku ile nzima. Tulikaa kwenye veranda ya hospitali, mimi nikipima urefu wake kwa miguu, kwenda na kurudi, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Siku ya pili akafumbua macho, na siku ya tatu wakaturuhusu kuingia, tumebeba machungwa. "Mwaniletea machungwa mgonjwa wa sukari," alisema. "Hamukuridhika na kazi ya kwanza?" Nilitaka kucheka, nikalia badala yake, na nikamweleza yote: duara, halua, hewala. Alinisikiliza akipapasa kofia aliyokuwa akiishona, iliyokuwa juu ya shuka. Alipojaribu kuingiza sindano kwenye tundu la nakshi mkono ulitetema, ukakosa, ukatetema tena, akaiweka chini kama aliyeamua mwenyewe kupumzika. "Nami nilijua nimeshadungwa," akasema. "Mtu hasahau kudungwa. Lakini yule binti alikuwa na haraka, na watu wamejaa. Nimwambie mbele zao kuwa hajui kazi yake? Nikasema huenda ni dawa mpya." Akaniuliza mashine ilisema nini hasa. Nikamsomea ujumbe wangu. Aliniambia nirudie. "Hayo ni maneno ya mtu aja kuposa! Imenipotezea sindano, halafu yataka subira? Andika: sindano haikuandikwa." Bi Zulfa akauliza taratibu, "Hata samahani tusiitie, Mzee?" "Samahani nipeni mimi, mimi ndimi niliyeanguka. Muuguzi mpeni habari."

Tuliiondoa programu zahanati, na tukaanza upya kutoka ombi la kwanza. Sasa kila nikinyima nilikuwa nafunga, nafungua, natazama kilichobaki. Alama zangu za vema zilianguka moja moja kama meno ya mtoto. Nzioka alikaa wiki mbili bila kunisemesha ila namba. Wiki ya tatu akanisukumia nusu ya mahamri yake bila kuniangalia, nami nikaila haraka kabla hajabadili nia. Mzee Bakari alirudi kwake. Nilipita barazani pake kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliniambia mkono utatulia, na kila Ijumaa nilitazama kofia ileile ikiwa na nakshi zilezile. Usiku nililala vizuri, ni mchana ndio nilikuwa sina pa kukaa.

Kisha Daktari akarudi. Safari hii alikuja na mabwana wawili wenye zahanati zao, mmoja wa ng'ambo ya kivuko na mmoja wa Malindi, waliosikia kwamba kosa limepatikana na kurekebishwa, na ambao, nilijua vizuri kama alivyojua kila mtu chumbani, wakishuka ngazi zile mikono mitupu hawatapanda tena. Bi Zulfa alikuwa ametoa sahani za wageni. Walikaa, wakaulizana hali, hali za nyumbani, hali za watoto. Kwenye daftari langu yalikuwa yamebaki maombi mia tatu na kitu sijayarudia, na mawili katika niliyoyarudia yalikuwa bado yanapoteza sindano. Bi Zulfa akamimina kahawa, akaweka buli chini, akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kadzo. Tuko tayari?"

"Bado," nikasema.

Chini dukani mtu alikuwa anakunjua kanga, na ulisikia kitambaa kikipiga hewa. Daktari alitabasamu, kama wafanyavyo watu wanaompa mtu njia. "Karibu tayari, yaani. Wiki ijayo?"

"Sijui, Daktari. Bado inapoteza sindano. Sijui itachukua siku ngapi."

Yule bwana wa Malindi akamtazama Bi Zulfa, akingoja mwenye nyumba aseme neno la kulainisha, kama ilivyo desturi. Nami nikamtazama pia. Bi Zulfa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la buibui polepole, kioo kimoja kisha cha pili, akaivaa. Halafu akasogeza sinia ya vikombe mbele ya wageni.

"Kunyweni kahawa, mabwana," akasema. "Kahawa ndiyo iliyo tayari."